Ndege wa Tano

Sura ya Saba

Faksi ilikuwa na kurasa mbili tu, na Koplo Elineema aliisoma mara tatu bila kuambulia kitu. Juu palikuwa na anwani ya maabara ya Ulaya. Chini yake zilipangwa tarakimu, safu mbili zenye mistari sita. Alitafuta jina la mtu, au neno moja tu la kumpeleka mtu jela au kumtoa, hakuliona.

"Wiki saba," alisema. "Wiki saba nimesubiri hii, dada Brigitha?"

"Hiyo hiyo, afande. Keti nikusomee."

Walikuwa kwenye chumba cha nyuma cha maabara mjini Ifakara, ambako mafundi wa hadubini hushinda wakitafuta vijidudu vya malaria kwenye vioo vya damu ya watu. Brigitha alikuwa amepewa meza moja ya pembeni na droo moja ya friza kwa ajili ya damu ya ndege. Alikuwa mtoto wa hapa hapa, binti wa mwalimu wa Lumemo, amesoma mpaka chuo kikuu, kisha akarudi nyumbani kufanya kazi iliyowachekesha watu: kupima hofu ya minana, wale ndege wa manjano wanaosuka viota kwenye matete. Elineema naye alikuwa amecheka. Kwao Same mnana ni mwizi wa mtama, na kipimo chake ni jiwe la manati.

Kesi yenyewe haikuchekesha hata kidogo. Jumanne ya pili ya mwezi wa sita, mwaka huo wa tisini na sita, injini ya mashua ya zahanati ya ng'ambo iliibwa pale Kivukoni. Mashua hiyo ndiyo ilivusha wajawazito na watoto wenye degedege pantoni inapokuwa imelala. Mkata tiketi wa pantoni aliiona injini mahali pake saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi. Saa moja na dakika kumi nahodha wa mashua, Osward, alipiga kelele kwamba haipo na kwamba amemwona aliyeichukua. Saa nne Osward alikuwa kituoni anatoa maelezo, na Elineema mwenyewe ndiye aliyeyaandika.

Aliyajua kwa moyo sasa. *Saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano nilimwona Kasmiri, mtu wa ndege, amevaa koti lake la mvua la bluu, ana injini begani. Nilidhani ametumwa. Aliacha nyavu zake nne zimetandazwa huko matete, akaja kuiba, kwa kuwa alijua mama wa ndege anaumwa na hakuna wa kumwona.*

Ni kweli mama wa ndege alikuwa anaumwa. Brigitha alilala na malaria mjini wiki nzima ile, na Kasmiri alifanya kazi peke yake. Alikuwa Mndamba wa miaka hamsini na nane, mvuvi tangu utoto, mtu asiye na shahidi hata mmoja isipokuwa ndege sita. Alikamatwa asubuhi ile ile, saa nne kasorobo, mlangoni pa maabara hii, akiwa ameshika usukani wa baiskeli yake. Wananchi walitaka kummaliza palepale. Tangu hapo alikuwa mahabusu. Leo wamemrudisha lokapu ya kituo kwa sababu kesho saa mbili gari litampeleka mahakamani, na kwa shahidi wa macho kama Osward, Elineema hakuona atakavyoponea.

"Kama una kitu, niletee leo kabla sijafunga ofisi," Mkaguzi Polycarp, mkuu wake, alikuwa amemwambia asubuhi. "Kama una ndege, baki nao."

Brigitha alilaza faksi mezani, na pembeni yake akafungua daftari la Kasmiri. Karatasi zake zilikuwa zimevimba kwa unyevu, mwandiko mkubwa wa mtu aliyeishia darasa la nne.

"Mnana akinasa kwenye wavu anashtuka," alisema. "Mwili wake unamwaga homoni kwenye damu, ya kumsaidia kukimbia, kupigana, kubaki hai. Lakini homoni hiyo haiji papo hapo. Inachukua kama dakika tatu kuanza kupanda. Kwa hiyo ukimtoa damu ndani ya dakika tatu, unapata damu ya ndege aliyekuwa ametulia. Ukichelewa, unapima hofu uliyomtia wewe mwenyewe."

"Na safu ya pili?"

"Damu ya pili, nusu saa baadaye. Anakaa kwenye mfuko wa kitambaa, gizani, halafu unamtoa tena tone moja. Hapo homoni imepanda. Tofauti ya ya kwanza na ya pili ndiyo inaniambia mwili wake unavyohimili taabu. Tazama. Ndege wa kwanza: tatu, halafu ishirini na nane. Wa pili: nne, thelathini na tatu. Wa tatu: mbili, ishirini na tano."

Elineema alitazama. Kwa mara ya kwanza tarakimu zile zilimwangalia na yeye.

"Nianze kuwa mwendesha mashtaka," alisema. "Kasmiri anatega nyavu, anawaacha ndege wananing'inia, anakwenda kuiba, anaficha injini, anarudi, anawatoa damu. Anaandika saa anazotaka yeye. Karatasi haikatai kuandikwa."

"Karatasi haikatai. Damu inakataa. Ndege aliyening'inia nusu saa, damu yake ya kwanza ingekuwa ishirini na kitu, thelathini. Hizi ni tatu, nne, mbili. Kasmiri alikuwa amekaa pale pale nyavu zilipo, macho wazi, kila ndege aliponasa."

"Basi aliiba kwanza, akatega baadaye."

"Damu iliingia humu ndani saa mbili na dakika arobaini. Daftari la mapokezi lipo, fundi wa zamu alisaini, mimi nilikuwa kitandani. Kutoka Kivukoni mpaka hapa kwa baiskeli, na boksi la barafu nyuma, ni saa nzima. Toa hiyo. Toa na nusu saa kati ya damu ya kwanza na ya pili. Toa muda wa kuwanasa ndege sita mmoja mmoja, na wa kukunja nyavu. Huyo mtu angekuwa gatini na injini begani saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano, aifiche, afike kwenye matete, atege, angemaliza saa ngapi?"

Elineema alipiga hesabu kwenye kiganja chake kwa kalamu. Alihesabu mara mbili, akaegemea kiti. Alikuwa askari kwa miaka kumi na mmoja, amesikia mashahidi walioapa kwa misahafu yote, na hakuwahi kupata shahidi anayesimama imara namna hii. Tena mwenye uzito wa barua moja ya posta.

"Dada," alisema, "kazi yako ni nzuri sana."

"Subiri. Bado hujaona wa tano."

Kidole chake kilikuwa kwenye mstari wa tano. *Thelathini na moja. Thelathini na sita.*

Hata asiyejua homoni aliweza kuona. Ndege wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne na wa sita, wote damu ya kwanza iko chini. Huyu mmoja iko juu tangu mwanzo.

"Alikamatwa saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na dakika arobaini na saba."

Dakika mbili tu baada ya ile saa ya Osward. Mwendesha mashtaka hatahitaji zaidi ya hapo. Atasema: huyu ndiye aliyening'inia wakati mwenye nyavu hayupo.

"Kasmiri mwenyewe ameandika nini?"

Brigitha aligeuza daftari. Mbele ya kila ndege palikuwa na namba ya pete ya bati aliyovikwa mguuni, saa, na herufi mbili zenye tarakimu. Wa tano: *SM 6. Kishindo majini mashariki. Labda kiboko.*

"SM ni nini?"

Brigitha alisita. Ilionekana alikuwa akiliogopa swali hilo tangu mwanzo wa kesi. "Salamu Maria," alisema. "Saa ya mkononi anayo, ya kuandika wakati. Lakini haina mshale wa sekunde, na akiwa na ndege mkononi hawezi kuitazama. Kwa hiyo ndege akigusa wavu, anaanza rozari. Kumi moja la rozari, yaani Salamu Maria kumi, kwake ni dakika tatu kasoro. Damu lazima itoke kabla ya Salamu Maria ya kumi."

Elineema aliangua kicheko, na papo hapo akakijutia, maana Brigitha hakucheka. Alifungua droo, akatoa saa ya kuhesabia sekunde na karatasi iliyojaa mistari.

"Nilimpima wiki tatu kabla sijamkubalia. Usiniamini mimi. Nenda ukampime."

*

Kasmiri alikuwa amekaa kwenye sakafu ya lokapu, mgongo ukutani. Wiki saba zilikuwa zimemkausha mashavu. Nje ya kituo, kwenye kivuli cha ukuta, mkewe Eufrasia alikuwa amekaa na sufuria ya wali iliyofunikwa kitambaa, kama alivyokaa nje ya mahabusu kila siku walipomruhusu.

"Shikamoo, mzee," alisema Elineema.

"Marahaba, afande. Wamejibu?"

"Wamejibu. Nina kazi ndogo kwanza. Sali kumi moja la rozari, vile unavyosali ukiwa na ndege."

Kasmiri alimtazama kuona kama anataniwa. Kisha akafumba macho. Rozari yake ilikuwa kwenye mfuko wa vitu vyake huko kaunta, kwa hiyo alihesabu kwa vidole, na vidole vyenyewe havikutulia: mkono wa kushoto ulikunjika ukimshika ndege asiyekuwepo, wa kulia ulitenga manyoya, ukatafuta mshipa wa bawa, ukachoma, ukasubiri tone lipande kwenye kijibomba cha kioo. Midomo ilikuwa ikienda taratibu, haikuharakisha penye kazi wala kulegea penye kusubiri. Elineema, Msabato wa kuzaliwa, alisimama na saa mkononi akijikuta ameinamisha kichwa.

Dakika mbili, sekunde hamsini na moja.

"Tena."

Dakika mbili, sekunde hamsini na mbili.

Elineema alijaribu mara ya tatu, safari hii akiwa anagonga nondo na kumwuliza jina la mama yake katikati. Kasmiri hakujibu mpaka alipomaliza. Dakika mbili, hamsini na mbili.

"Anaitwa Katarina, marehemu," alisema kisha. "Samahani, afande, sikuweza kukatiza."

Elineema alichuchumaa mpaka macho yao yakalingana. Hakuwa na sababu tena ya kutomwamini mtu huyu, ila sababu yake haikuwa ushahidi.

"Mzee, ndege wa tano anakuangusha. Damu yake ya kwanza ni ya ndege aliyeogopa muda mrefu. Uliandika Salamu Maria sita."

"Zilikuwa sita."

"Ulimwona akinasa?"

"Nilimwona. Nilikaa kwenye kigoda kati ya wavu wa tatu na ule mwingine. Alitoka matete ya mashariki, chini chini, anaruka ovyo. Mnana haruki hivyo asubuhi. Akapiga wavu, nikaanza kusali. Ya sita damu ilikuwa imeshaingia kiooni."

"Na kiboko?"

Kasmiri alitikisa kichwa polepole. "Niliandika *labda*. Nimelala na viboko mto huu maisha yangu yote. Kiboko akitumbukia, baadaye kidogo anaibuka kupuliza pua. Nilisubiri apulize ili nijue yuko upande gani, niokoe nyavu. Huyu hakupuliza."

"Kishindo kimoja?"

"Kabla yake kulikuwa na matete yanavunjika, kama robo saa hivi. Kishindo ni kimoja. Kizito."

Elineema aliinuka haraka mpaka magoti yakalia. Faksi ilikuwa mfukoni mwake. Alikuwa ameitazama vibaya, wote walikuwa wameitazama vibaya. Ndege wa tano hakuogopa kwa sababu ya wavu. Aliufikia wavu akiwa tayari ameogopa.

*

Walikwenda Kivukoni kwa pikipiki ya kituo, Brigitha nyuma amebeba daftari ndani ya mfuko wa nailoni. Mwezi wa nane maji ya Kilombero yalikuwa yamerudi ndani ya kingo zake, na matete yaliyosimama majini mwezi wa sita sasa yalisimama kwenye tope la kufika magotini. Brigitha alivua viatu, akafunga kitenge juu ya suruali, akaingia mbele. Elineema alifuata na buti zake za serikali, akajuta hatua ya tatu.

Vijiti vya nyavu vilikuwa bado vipo. Brigitha alivionyesha kimoja kimoja. "Wavu wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Hizi tatu tunatega kila siku tangu mwezi wa tatu." Akaendelea mbele hatua kama thelathini kuelekea mashariki. "Na huu hapa. Ndege wa tano alinasa huu."

"Huu nao wa kila siku?"

"Hapana. Jumatatu jioni nilimtumia ujumbe kwamba akiona nafasi aongeze mmoja. Aliuweka alfajiri ya Jumanne. Ulitumika siku moja tu. Mimi mwenyewe nilijua upo saa tatu, Kasmiri aliponiletea daftari kitandani."

Elineema alisimama, mguu mmoja umezama. Alimwomba arudie. Brigitha akarudia.

"Na daftari lilikuwa na nani siku ile?"

"Chini ya mto wangu wa kulalia. Nilikuwa natetemeka kwa homa, ningelipeleka wapi?"

Elineema alikuwa anasoma kichwani maelezo aliyoyaandika kwa mkono wake mwenyewe, neno baada ya neno, na alipofika kwenye neno moja alijisikia mjinga wa kiwango cha juu. Wiki saba lilikuwa limelala kwenye jalada lake.

"Twende huko alikotokea ndege," alisema.

Kutoka kwenye wavu ule walinyoosha kuelekea mashariki. Elineema alihesabu hatua, Brigitha akatazama juu, kwenye viota. Minana walikuwa wakifoka. Wachache walining'inia kichwa chini kwenye milango ya viota vyao, wakiwatazama wageni kwa jicho moja, kisha kwa jingine.

"Wanapanda sasa," alisema Brigitha kwa sauti ya chini. "Homoni. Tukiwakamata hawa sasa hivi watakuwa na thelathini kama yule. Ndege hawezi kuficha, afande. Mimi nikiogopa nitatabasamu, wewe utapiga kelele, lakini huyu, kilichompata kiko kwenye damu yake na ukikipima kwa uaminifu atakuambia. Ndiyo maana nawapenda."

Kwenye hatua ya hamsini na mbili matete yalifunguka. Palikuwa na mfereji mwembamba, maji yake meusi, upana wa mtumbwi mmoja. Katikati kulikuwa na nguzo mbili za mgono wa zamani uliotelekezwa, mtego wa samaki ambao Brigitha alisema haujaguswa tangu masika ya mwaka juzi. Lakini kwenye nguzo ya pili, chini ya usawa wa maji, kulikuwa na kamba. Kamba ilikuwa mpya, ya nailoni ya kijani.

Elineema aliivuta. Haikuja. Aliingia mpaka kiunoni, akasahau viboko na mamba na buti za serikali, akapapasa chini. Mkono wake uligusa mfuko wa mbolea uliofungwa kwa mipira ya baiskeli, na ndani ya mfuko, kitu kigumu chenye mapanga matatu ya kusukumia maji.

Alipoinua uso, Brigitha alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yanamtoka.

"Usiitoe bado," alisema Elineema. "Nenda kaite wavuvi wawili unaowaamini, wenye mtumbwi. Nikishafika gatini, uhesabu kumi moja la rozari."

"Kisha?"

"Kisha ilete kwa njia ya maji."

*

Osward alikuwa amekaa ukingoni mwa mashua isiyo na injini, anasuka kamba. Ilikuwa ya nailoni ya kijani. Alikuwa kijana wa miaka thelathini, mchangamfu, anayependwa na abiria.

"Afande! Karibu. Umeogelea leo?"

"Nimeteleza. Kesho ni mahakamani, nataka tu tupitie maelezo yako usije ukayumba. Ulitokea wapi asubuhi ile?"

"Nyumbani. Barabarani, kwa miguu."

"Kwenye matete hukupita?"

"Matete? Nifuate nini? Sijakanyaga kule tangu masika."

"Vizuri. Nilitaka kuhakikisha hapo." Elineema alitoa karatasi iliyolowa pembeni, akajikuna kichwa kama karani mzembe. "Sasa hapa mwandiko wangu mbaya. Uliniambia Kasmiri aliacha nyavu ngapi? Tatu?"

"Nne," alisema Osward.

"Una hakika? Watu wote hapa wanasema tatu."

"Nne, afande. Si niliziona?"

Alikuwa amesema kabla hajafikiri. Elineema alikunja karatasi taratibu, akairudisha mfukoni.

"Uliziona lini?"

Mikono ya Osward ilisimama kwenye kamba. "Huwa naziona. Kila siku."

"Kila siku ni tatu. Wa nne ulisimama asubuhi moja tu, kwa muda wa saa moja na robo, halafu ukakunjwa. Kuuona ilibidi mtu awe ndani ya matete, upande wa mashariki, saa hiyo hiyo. Wewe ulinitajia saa nne asubuhi, wakati Kasmiri ameshakuwa lokapu na daftari liko chini ya mto wa mgonjwa. Nani alikuambia?"

"Nilisikia kwa watu."

"Watu gani?"

"Watu tu. Afande, kwani nyavu zinahusu nini? Mimi nimeibiwa injini!"

"Kulikuwa na ndege," alisema Elineema, "alilala karibu na mgono wa zamani. Alfajiri mtu akaja na mtumbwi, akavunja matete, akahangaika robo saa kufunga kitu kizito, akakitumbukiza. Ndege akaogopa mpaka akakimbilia kwenye wavu. Yule mtu akachungulia, akaona nyavu nne, akaona mzee mmoja yuko peke yake anasali. Akapata wa kumsingizia."

Osward alicheka. Kicheko kilianza vizuri, kikakatika katikati, kwa sababu macho yake yalikuwa yameangukia mtoni. Mtumbwi ulikuwa unazunguka kona ya matete. Mbele alisimama Brigitha na pondo mkononi, kitenge kimelowa mpaka mapajani, anausukuma mtumbwi kwa mikono ya mtu aliyezaliwa bondeni. Nyuma yake wavuvi wawili walikuwa wamekumbatia mfuko wa mbolea unaochuruzika maji.

Watu wa gatini walianza kusimama, mmoja mmoja. Osward hakukimbia. Aliinamia kamba yake akaanza kulia, akisema kuna mvuvi wa bwawa la Mtera aliahidi kuja kuichukua injini kesi ikiisha, na kwamba hakukusudia mzee akae ndani muda wote huo. Elineema alimfunga pingu haraka, akamkinga na mwili wake mwenyewe, kwa kuwa wananchi walewale wa wiki saba zilizopita walikuwa wameshaanza kuokota mawe.

*

Mkaguzi Polycarp alisoma kila kitu akiwa amesimama: maelezo, daftari, faksi, kisha maelezo tena. Alipofika kwenye SM aliuliza, akajibiwa, akairudia kuisoma. Alikuwa Mkatoliki, mzee wa kigango.

"Sekunde hamsini na mbili, mara zote?" aliuliza.

"Moja ilikuwa hamsini na moja, afande."

"Mimi yangu huwa naikimbiza," alisema Mkaguzi, akachukua funguo za lokapu mwenyewe.

Kasmiri alitoka akifinya macho kwa mwanga wa jioni. Eufrasia alikuwa amesimama mlangoni na sufuria yake, hajui aiweke wapi, mwishowe akaiweka chini katikati ya njia na kumshika mumewe mikono miwili. Elineema aliwaacha kwanza. Kisha akaleta mfuko wa vitu: saa isiyo na mshale wa sekunde, koti la bluu, rozari ya mbao.

"Mzee Kasmiri, nisamehe. Ni mimi niliyekukamata."

"Ulikuwa kazini, mwanangu."

"Nina swali moja, halafu nenda kale." Alikuwa amelibeba tangu kwenye matete. "Dada Brigitha ameniambia kwamba siku ile, ulipompelekea daftari kitandani, kabla hatujafika kukukamata, ulimwambia wa tano ana kasoro. Kwamba aliruka vibaya, huenda damu yake haifai. Ulishajua. Ungeweza kumwaga kile kijibomba kule kule matete, ukaandika ndege watano, wote safi. Hakuna ambaye angejua. Kwa nini ulimleta?"

Kasmiri alikuwa akizungusha rozari kiganjani, anaitafuta punje ya kwanza. Alilifikiria swali kwa adabu, kama mtu anayeona limeulizwa na mgeni.

"Alikuwa ameshatoa damu yake, afande," alisema. "Ndege mwenyewe ana uzito gani? Ningemwambia nini, kwamba alitoa bure?"